Hivi ni kweli Monitor na Virginia ndizo zilizoua manowari za mbao, au tumelishwa?

#1 Nanga_Mbili
Habari wakuu.

Kuna jambo linanikera kila nikisoma habari za vita vya majini. Taja tu manowari za deraya, yaani zilizovikwa mabamba ya chuma, mtu anarukia Hampton Roads, Machi 8 na 9, 1862, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Hadithi tunaijua. Siku ya kwanza Virginia ya Kusini ikatoka, ikaitoboa Cumberland kwa pembe ya chuma iliyofungwa omoni (mbele ya meli), ikaichoma Congress, na Minnesota ikabaki imekwama kwenye fungu ikingoja zamu yake. Mabaharia zaidi ya 200 wa Kaskazini wakafa huku mizinga yao ikigonga ubavu wa Virginia na kudunda. Usiku ikaingia Monitor ya Kaskazini. Asubuhi zikatwangana kama saa nne, hakuna iliyozama, na eti kuanzia siku hiyo dunia nzima ikaacha mbao.

Sasa angalieni miaka. Wafaransa waliishusha majini La Gloire Novemba 1859. Waingereza wakajibu kwa Warrior, Desemba 1860. Wakati huo Virginia haikuwepo hata kwa jina; ilikuwa bado ni Merrimack, meli ya mbao ya Kaskazini, ambayo wenyewe waliitia moto Aprili 1861 walipokimbia Norfolk. Monitor ndiyo kabisa, imeshuka majini Januari 1862.

Hoja yangu: Hampton Roads haikuamua kitu. Mambo yalishaamuliwa Paris na London. Anayepinga aje na hoja, asije na mahaba ya Wamarekani. Nawasilisha.

#2 Kashata
Siti ya mbele, kahawa mkononi. Waiteni wazee wa historia.

#3 Mzee_Baruti
Mkuu Nanga, uko sahihi nusu. Unahesabu meli, huhesabu kilichozilazimisha. Mbao iliuawa na kombora.

Miaka mamia mizinga ya meli ilirusha matufe ya chuma tupu. Tufe likipita kwenye mwaloni linaacha tundu, seremala wa meli analiziba, mnaendelea. Ndiyo maana meli kubwa ya mbao ilikuwa inaweza kupigwa mchana kutwa na isizame. Halafu Mfaransa mmoja, Paixhans, miaka ya 1820 akatengeneza mzinga wa kurusha kombora linalolipuka, tena kwa kulenga moja kwa moja. Likiingia ndani ya mbao halitoki. Linapasukia humo humo kwenye rangi, kamba, lami na baruti.

Novemba 30, 1853, bandari ya Sinop ya Waturuki, Admirali Nakhimov wa Urusi alikikuta kikosi cha Waturuki kimetia nanga. Kilichopona ni meli moja ya mvuke, Taif. Ulaya nzima ikashtuka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 17, 1855, Wafaransa wakapeleka Kinburn, ngome ya Warusi, majukwaa matatu yaeleayo yaliyovikwa chuma: Dévastation, Lave na Tonnante. Yakasogea karibu na ngome, yakapigwa mara nyingi sana, yakarudi na mibonyeo. Hapo ndipo Napoleon wa Tatu alipoona mwanga. La Gloire ni mtoto wa Kinburn, na Kinburn ni mtoto wa Sinop.

#4 Darubini
Mzee_Baruti heshima yako, ila Sinop umeibebesha mzigo usio wake. Nakhimov alikuwa na meli kubwa sita za safu ya vita. Waturuki walikuwa na frigeti na koveti, manowari ndogo zaidi, wametia nanga, wamekaa kizembe. Kwa uwiano ule hata angetumia matufe ya kawaida wangekwisha tu, labda kwa kuchelewa kidogo. Makombora yaliharakisha moto. Magazeti ndiyo yaliyoifanya Sinop kuwa somo la kombora.

Kinburn nakubaliana nawe.

#5 Mzee_Baruti
#4 "kwa kuchelewa kidogo" ndiyo vita yenyewe, kijana. Ukichelewa, adui anapata upepo anaondoka.

#6 Shujaa_wa_Mashariki
Nyote mnazungumzia wazungu. Wakorea walikuwa na meli za kobe zilizofunikwa chuma tangu 1592, za Admirali Yi Sun-sin. Miaka 270 kabla ya hao Monitor wenu.

#7 Darubini
#6 hii inarudi kila mwaka. Meli za kobe zilikuwepo na zilipiga kazi kweli. Ila taarifa za Yi mwenyewe zinataja miiba ya chuma juu ya paa ili adui asirukie. Mabamba ya chuma hazitaji. Yamekuja kwenye masimulizi ya baadaye. Mtu aliyeandika habari za meli zake kwa undani ule angesahau kutaja kwamba ameifunika kwa chuma?

#8 Shujaa_wa_Mashariki
Siri za kijeshi huandiki kwenye ripoti.

#9 Kashata
🤣🤣 hapo kapona kwa mlango wa nyuma.

#10 Fundi_Ribiti
Salaam. Mimi si msomi wa historia, ni mchomeleaji wa vyombo. Nimeshika matishari, pantoni, vivuko. Naomba niongee kama fundi.

Mnabishana nani alikuwa na wazo. Wazo la kufunika meli kwa chuma hata mtoto analo. Tatizo ni bamba. Bamba la milimita 12 tu, ukitaka lifuate mkunjo wa ubavu, unaita watu, unaita winchi, unapasha moto, na bado linakugomea. Warrior ilivikwa mabamba ya milimita 114. Bamba moja tani 4 hivi. Hakuna kuchomelea enzi hizo. Kila bamba lilishikwa kwa bolti zilizopita kwenye chuma, zikapita kwenye msaji wa sentimita 45 nyuma yake, zikaenda kukazwa kwenye ngozi ya meli kwa ndani. Na kingo walizichonga ulimi na mfereji ili bamba lishikane na jirani yake. Kazi nzuri mno kuitazama, ila mfikirieni fundi wa kubadilisha bamba moja la katikati likipasuka. Anavua ukuta mzima.

Kwa nini msaji nyuma? Chuma cha enzi hizo kikipigwa kikiwa kimeegemea kitu kigumu kinapasuka. Kinataka kitu cha kumeza kishindo. Kwa hiyo mbao haikufa, ilihamia ndani.

La Gloire mwili wake ni mbao mtupu, chuma ni cha nje tu, kwa sababu viwanda vya Ufaransa visingeweza kutoa meli nzima ya chuma kwa wakati. Mbao ikaoza chini ya deraya na meli ikavunjwa 1883. Warrior mpaka leo inaelea. Na Virginia? Kusini hawakuwa na viwanda vya maana zaidi ya Tredegar pale Richmond. Waliyeyusha hadi reli za treni. Mabamba ya inchi mbili mbili, safu mbili, yakalazwa kwa mshazari juu ya mwaloni na msonobari ili tufe liteleze. Ufundi wa mtu asiye na kitu.

Mwenye kinu cha chuma ndiye aliyeamua. Admirali na Kaizari walisubiri fundi.

#11 Nanga_Mbili
Fundi umetisha. Hii ndiyo sababu nafungua nyuzi.

#12 Kaka_wa_Solent
Niko kusini mwa Uingereza, Warrior ipo Portsmouth bandarini, nimeipanda. Naongeza mawili matatu.

Ukishuka sitaha ya mizinga kitu cha kwanza ni ukuta. Unaona pale ambapo dirisha la mzinga limekatwa, unene wa chuma na mbao ni kama mlango wa ngome. Kati ya mzinga na mzinga imening'inizwa meza, ndipo mabaharia walipokula na kulala. Lakini deraya iko katikati tu ya meli. Omo na tezi (mbele na nyuma) ni tupu. Wangezungusha chuma mwili mzima isingekwenda popote.

Na mizinga mingi utakayoiona pale leo ni ya faiba. Usiseme nimekuambia 😄

Kikubwa ni hiki: meli hii haikuwahi kupiga risasi moja vitani. Wafaransa waliiona, wakapiga hesabu, wakatulia. Baada ya muda mfupi ikapitwa na meli mpya zaidi. Ikaishia kuwa gati la mafuta Pembroke, Wales, kuanzia 1929 kwa miaka 50, meli za mafuta zikifunga ubavuni mwake. Ndiyo maana imepona, hakuna aliyekumbuka kuikata.

#13 Fundi_Ribiti
#12 kwa hiyo hata Waingereza wana faiba 🤣 Mafundi wetu wa boti mkae vizuri sasa.

#14 Mtu_wa_Kilindini
Hamjambo. Naona Nanga_Mbili anamdharau sana Ericsson, aliyeibuni Monitor. La Gloire na Warrior ni meli za zamani zilizovishwa koti. Mizinga imepangwa ubavuni, milingoti mitatu, matanga, kila kitu kama enzi za Nelson. Monitor ndiyo chombo kipya. Sitaha iko nusu mita tu juu ya maji, haina tanga, na katikati kibanda cha duara chenye chuma cha inchi nane, mizinga miwili ya inchi 11, kinazunguka kwa mvuke. Ukiitazama kwa mbali ni sinia lenye sufuria ya wali katikati. Huhitaji kugeuza meli nzima ili ulenge, unageuza sufuria.

Meli za kivita zilizokuja baadaye, mpaka hizi za sasa, zinazungusha mzinga. Hakuna inayopanga mizinga ubavuni. Nani kaamua basi?

#15 Darubini
#14 kuna meli iliyoufuata mtindo huo na ikaua watu. Mwingereza Cowper Coles naye alikuwa na kibanda chake kinachozunguka, tena alianza kukifikiria wakati wa vita ya Crimea, hakuiga kwa Ericsson. Akashinikiza ijengwe HMS Captain: vibanda vizito, sitaha ya chini, NA milingoti mirefu ya matanga. Usiku wa kuamkia Septemba 7, 1870, ikapinduka kwenye dhoruba. Karibu watu 480 walikufa, Coles mwenyewe akiwemo. Mwaka uliofuata Waingereza wakaishusha majini Devastation yao (si ile ya Kinburn), vibanda viwili, tanga hakuna hata moja. Hapo ndipo koti la zamani lilipovuliwa kweli.

Na Monitor yenyewe ilizama kwenye mawimbi nje ya Cape Hatteras Desemba 31, 1862, watu 16 wakaenda nayo. Chombo cha mtoni kilipelekwa bahari kuu.

#16 Mtu_wa_Kilindini
Ndugu Darubini, hata jahazi huzama. Hoja ni nani aliyeonyesha njia.

#17 Mzee_Baruti
Mnaijua sababu ya Monitor na Virginia kushindwa kuuana? Virginia haikubeba matufe mazito ya kutosha kwa ajili ya deraya, ilijaza makombora kwa sababu ilikwenda kuwinda mbao. Na wapiga mizinga wa Monitor waliamriwa wasipakie zaidi ya ratili 15 za baruti, wakubwa wakiogopa mzinga usipasuke. Baadaye walijaribu ratili 30 na mzinga ukahimili. Wangezitumia siku ile, leo tusingekuwa na uzi huu.

Kwa hiyo sare ya Hampton Roads haikuwa ushindi wa deraya. Wote wawili walikuwa wamepakia vibaya.

#18 Nanga_Mbili
#17 hii point wengi hawaitaji. Ahsante mzee.

#19 Ngalawa_Kasi
Samahani wakuu, swali la mgeni. Kama mizinga haikuweza kutoboa deraya, walizamishana vipi miaka hiyo?

#20 Darubini
#19 kwa kugongana. Si utani. Julai 20, 1866, kisiwa cha Lissa, bahari ya Adria. Italia chini ya Persano ina manowari 12 za deraya, Austria chini ya Tegetthoff ina 7 na mizinga dhaifu. Tegetthoff akaona kupigana kwa mizinga ni kupoteza muda, akapanga kikosi kama mkuki na kuingia katikati yao. Re d'Italia ikaharibika usukani, ikasimama, na Erzherzog Ferdinand Max ya Austria ikaifuma ubavuni. Dakika chache imekwenda chini na mamia ya watu. Palestro ikashika moto, ikalipuka.

Baada ya hapo kila taifa likafunga pembe omoni kwa miongo mitatu. Kichekesho ni kwamba pembe hizo ziliwaua zaidi wenyewe. Juni 22, 1893, pwani ya Tripoli ya Lebanoni, Admirali Tryon wa Uingereza aliamuru safu mbili zigeukiane, nafasi haitoshi. Camperdown ikaitoboa Victoria, meli ya Tryon mwenyewe. Watu 358, naye akiwemo. Maofisa waliona amri haiwezekani, na waliitii.

#21 Baharia_Mstaafu
#20 hiyo ya amri inanigusa. Nilifanya kazi kwenye meli za mizigo. Kuna nahodha alitupeleka kwenye mkondo mwembamba maji yakiwa yanapwa, msaidizi wake anaona, mimi naona, kila mtu anaangalia mwenzake. Tulipwelewa mpaka maji yalipojaa tena. Hakuna aliyekufa, tulikula ugali tu na kununiana. Weka meli mbili za tani elfu kumi zenye pembe mahali pale.

#22 Darubini
Halafu Mzee_Baruti, nikuchokoze. Pale Lissa Austria ilikuwa na Kaiser, meli ya mbao ya sitaha mbili, ya kizamani kabisa. Ikazungukwa na manowari za deraya, ikaigonga Re di Portogallo ya Italia, ikapoteza mlingoti, ikaungua, ikatoka hai mpaka bandarini. Mwaka 1866, miaka minne baada ya Hampton Roads! Kombora lako lilikuwa wapi?

#23 Bint_Mtepe
Asalaam aleikum. Nimewasoma kimya, sasa nawaleta nyumbani kidogo, maana mnauliza mbao zilikufa lini na hamuulizi zilikwenda kufia wapi.

Moja ilikuja Unguja. HMS London, manowari ya mbao ya sitaha mbili. Ilikuwepo Sevastopol Oktoba 1854 meli za washirika zilipopigana na ngome za Warusi, ikaumizwa na mizinga ya nchi kavu. Yaani ni katika zile zilizofundisha Ulaya kwamba mbao imekwisha. Ulaya haikuwa na kazi nayo tena. Kuanzia 1874 ikatia nanga bandarini kwetu kama ghala na kituo cha mashua zilizofukuza majahazi ya watumwa. Nahodha wake Brownrigg aliuawa 1881 karibu na Pemba, akiwa kwenye mashua ndogo, kwa risasi za watu wa jahazi. Hakukuwa na deraya wala kombora hapo.

Kwa hiyo nyie mkisema "imepitwa na wakati", ulizeni imepitwa kwa nani. Mbele ya Ufaransa London ilikuwa gogo. Mbele ya Mtoni na Forodhani ilikuwa mlima.

#24 Yakhe_wa_Malindi
Bi Mtepe umesema. Na ile Glasgow ya Sayyid Barghash usiisahau. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza meli za Sultani, akaja kuagiza Glasgow kwa William Denny, Scotland, 1878, kwa kufuata sura ya manowari ya Kiingereza aliyoipenda. Fremu ya chuma, ubao wa msaji, mizinga saba midogo. Ikafika, haikumfurahisha, ikakaa nanga tu.

Agosti 27, 1896, wakati wa Sayyid Khalid, ikathubutu kuipiga St George ya Waingereza. Wenyewe mnajua: dakika 40 hivi vita vyote vimekwisha, Glasgow iko chini, milingoti inachungulia juu ya maji. Watu wetu kiasi cha 500 wamekufa au kujeruhiwa, kwao baharia mmoja kaumia. Manowari ya deraya na mashua ya Sultani, mnataka nini tena.

#25 Kaka_wa_Solent
#24 masahihisho madogo: St George haikuwa na ukanda wa deraya ubavuni kama Warrior. Ilikuwa kruza, chuma kimelazwa sitahani kwa ndani kulinda injini. Nyingine mbili pale, Thrush na Sparrow, zilikuwa boti za mizinga tu. Deraya haikufanya kazi asubuhi ile. Mizinga ya haraka ilitosha.

#26 Yakhe_wa_Malindi
#25 yakhe, aliyekuwa ndani ya Beit al-Hukm, jumba la Sultani, asubuhi ile nenda kamueleze tofauti ya kruza.

#27 Kashata
🔥🔥🔥 Solent kazama na ulimi na mfereji wake.

#28 Bint_Mtepe
Ila Kaka wa Solent ana jambo. Agosti 1885 Wajerumani walipokuja na meli zao za kivita kumtisha Sayyid Barghash kuhusu bara, nazo zilikuwa koveti, wala hazikuwa manowari kubwa za deraya. Hizo ghali walizibakiza Ulaya kutishana wenyewe. Huku zililetwa zilizobaki. Mimi naona deraya ndiyo iliyowafanya wawe na ziada ya meli za kutuletea.

#29 Darubini
#28 hiyo hoja sijaikuta kwingine. Lakini Waingereza walikuwa na meli nyingi za doria tangu zamani za mbao. Ziada haikuanzia kwenye deraya.

#30 Mto_Rufiji
Mimi ni wa huku delta. Mtu_wa_Kilindini kasema Monitor ilionyesha njia, basi njia ilifika mpaka kwetu.

1914 Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus bandarini Zanzibar, Septemba 20, ikiwa inatengeneza boila. (Mabaharia wake wako Chapwani, nenda utaona makaburi.) Halafu ikajificha Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza zikaja na kubaki nje. Ukijua mikoko yetu hushangai: mlango mmoja kina kiko sawa leo, mvua ikinyesha fungu limehama. Chuma chote kile hakikusaidia, maana uzito unataka maji.

Walichofanya ni kuleta monita mbili, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil kupita mitoni. Zimevutwa kutoka Malta mpaka Mafia. Chini bapa, hazihitaji hata mita mbili za maji, mizinga ya inchi 6. Julai 6, 1915 zikaingia, Mersey ikapigwa vibaya, zikatoka. Julai 11 zikarudi na kuimaliza. Dhana ile ile ya Ericsson: sitaha chini, mzinga mkubwa, maji machache.

#31 Nanga_Mbili
#30 bila ndege wangekuwa wanapiga mikoko. Monita hazikuiona Königsberg. Walioko angani kutoka Mafia ndio waliokuwa wanawasahihishia shabaha. Mpe sifa rubani.

#32 Mto_Rufiji
Rubani hakubeba mzinga wa inchi 6, mkuu.

#33 Mtu_wa_Kilindini
Kwa wanaotaka kushika kwa mkono: mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus vyote viko Fort Jesus, Mombasa. Mahasimu wawili mahali pamoja, watoto wanapandia na kupiga picha. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi mtoni wakaikokota nchi kavu kwa vita ya Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Afrika Mashariki. Mmoja ulifungwa kwenye meli ya ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo Liemba.

#34 Fundi_Ribiti
Liemba! Hiyo imejengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikapigwa ribiti upya. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wameipaka grisi ya kutosha. 1924 ikaibuliwa, ikasafishwa, ikafanya kazi. Nataka mtu aniambie kazi gani ya leo itazikwa miaka minane majini na ikawaka.

#35 Mlinzi_wa_Jukwaa
Liemba ifunguliwe uzi wake tafadhali. Hapa ni deraya.

#36 Kashata
Uzi wa Liemba nimeufungua, Fundi njoo na grisi. Mzee_Baruti usikimbilie huko, una deni la Kaiser #22.

#37 Mzee_Baruti
Deni silikimbii. Waitaliano walipiga ovyo, moshi umetanda hawaoni hata omo yao, na mengi ya waliyorusha Kaiser haikukutana nayo. Ukitaka kuona mzinga dhidi ya chuma nenda Angamos, Oktoba 8, 1879, Chile na Peru. Huáscar ya Peru ilikuwa na deraya, kibanda, kila kitu. Makombora ya Palliser, ya kutobolea deraya, yakapita ndani, Admirali Grau akafa kwenye kibanda chake cha amri. Darubini, nakusubiri.